Ukibaguliwa Kazini Nchini Kenya: Ofisi ya Leba, Tume, Jopo la HIV au Mahakama?

Mfanyakazi anayeamini kwamba amebaguliwa kazini nchini Kenya hakosi mahali pa kupeleka malalamiko. Shida yake ni kwamba milango ni mingi, na kila mmoja una muda wake, mamlaka yake na kikomo cha kile unachoweza kumpa. Wengi huchagua mlango ulio karibu na stendi ya matatu au ule waliosikia ukitajwa redioni, kisha baada ya mwaka na nusu hugundua kwamba ofisi waliyoitegemea haina uwezo wa kumwamuru mwajiri alipe hata shilingi moja. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaamua, na maoni ya mwandishi yatasemwa waziwazi pale yanapohitajika.

Sheria mbili, orodha mbili

Kabla ya kulinganisha ofisi, inafaa kulinganisha sheria zenyewe, kwa sababu aina ya ubaguzi uliotendewa ndiyo inayoonyesha ni hoja ipi itakayosimama. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua au kumsumbua mfanyakazi, na hata mtu anayeomba kazi tu, kwa misingi ya rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa au mengineyo, uraia, kabila au asili ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya akili au hali ya HIV. Katazo hilo linahusu kuajiri, kutoa mafunzo, kupandisha vyeo, masharti ya kazi na kumwachisha mtu kazi. Linahusu pia ubaguzi usio wa moja kwa moja, yaani sharti linaloonekana kuwa moja kwa wote ilhali linaliumiza kundi fulani kuliko mengine. Kifungu hichohicho kinadai ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa.

Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 ni pana zaidi. Inataja pia umri, hali ya ndoa, hali ya afya, mavazi, utamaduni na dhamiri, na haikomei hapo, kwa kuwa inasema misingi hiyo ni baadhi tu ya misingi iliyokatazwa. Isitoshe, haiibani serikali peke yake, bali inamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake. Tofauti hii si ya kitabuni. Mhasibu wa miaka 54 anayenyimwa cheo kwa sababu wakubwa wake wanataka “damu changa” hataliona neno umri katika kifungu cha 5. Itambidi aegemee Katiba. Hali ya ndoa nayo haimo katika kifungu cha 5, ingawa kifungu cha 46 cha sheria ileile kinaitaja miongoni mwa sababu ambazo kamwe haziwezi kuwa halali za kumfuta mtu kazi. Mpangilio huu wa sheria hauridhishi, na Bunge lingeweza kuurekebisha kwa mstari mmoja.

Si kila tofauti ni ubaguzi. Sheria inaruhusu hatua za kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma, inaruhusu kuchagua watu kwa sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo, na inaruhusu kuwapa raia nafasi kulingana na sera ya kitaifa ya ajira. Waajiri wengi hukimbilia utetezi wa pili, yaani sifa ya lazima ya kazi, kwa hiyo mlalamishi ajiulize mapema kama sharti lililomwondoa lilikuwa la lazima kweli au lilikuwa la mazoea tu.

Ofisi ya leba na chama cha wafanyakazi

Mlango rahisi kuufikia ni wa afisa wa leba. Mtu aliyeachishwa kazi bila haki anaweza kumpelekea malalamiko ndani ya miezi mitatu tangu tarehe ya kuachishwa. Hakuna haja ya wakili, lugha ya mazungumzo ni ya kawaida, na mara nyingi barua moja yenye nembo ya serikali humfanya mwajiri mdogo, kwa mfano mwenye duka la jumla au shule ya binafsi, atafute namna ya kumalizana na aliyekuwa mfanyakazi wake. Hata hivyo, kifungu cha 49 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba afisa huyo anaweza kumpendekezea mwajiri alipe. Mwajiri mwenye wakili anayelipwa kila mwezi ataisoma barua hiyo, ataiweka kwenye faili na atasubiri aone kama utakwenda mbele. Kwa madai ya mshahara uliobaki, likizo isiyolipwa au notisi, ofisi ya leba inafaa sana. Kwa ubaguzi, ambao mara nyingi hutaka nyaraka zichimbuliwe na mashahidi wahojiwe, ni mahali pa kuanzia tu.

Mwanachama wa chama cha wafanyakazi ana njia ya ziada chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Chama kinaweza kuripoti mzozo kwa waziri ili ateue msuluhishi, lakini mzozo unaohusu kuachishwa kazi uripotiwe ndani ya siku 90. Uzuri wa njia hii ni kwamba gharama na kazi ya kumkabili mwajiri vinabebwa na chama, jambo ambalo mtu aliye bado kazini hulithamini. Ubaya wake ni kwamba chama kinaweza kuwa na mambo mengine mezani na mwajiri huyohuyo, hasa wakati wa kujadili mkataba wa pamoja, na lalamiko la mtu mmoja likasogezwa pembeni kimyakimya.

Tume za Katiba

Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu hupokea malalamiko, huchunguza, huwaita pande mbili na hutoa mapendekezo. Kwa suala la kabila ipo pia Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, iliyotokana na sheria ya 2008 inayozuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Nguvu ya tume imo katika uchunguzi wa jambo linalowagusa wengi. Ikiwa idara nzima imejaa watu wa ukoo mmoja, au ikiwa kampuni huwauliza wasichana wote wanaohojiwa kama wana mpango wa kuzaa karibuni, tume inaweza kuliangalia tatizo kwa upana ambao kesi ya mtu mmoja haiwezi kuufikia.

Lakini tume si mahakama, na hapa ndipo watu wengi huumia: kulalamika kwenye tume hakusimamishi muda wa kufungua kesi. Sheria ya Ajira inatoa miaka mitatu ya kudai chochote kinachotokana na sheria hiyo au na mkataba wa kazi, na kwa madhara yanayoendelea inatoa miezi 12 tangu yakome. Mahakama zimekuwa zikisema mara kwa mara kwamba muda huo hauwezi kuongezwa hata kwa ruhusa ya jaji, na kwamba mazungumzo na mwajiri hayauzuii kuisha. Anayekwenda kwenye tume na aende akijua kwamba kalenda yake inahesabu kuanzia siku ya tukio. Msomaji aliye Tanzania asiichukue miaka hiyo mitatu kuwa yake: kwa kanuni za 2007 za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.

Jopo la HIV na Ukimwi

Kwa mtu aliyebaguliwa kwa sababu ya HIV kuna mlango wa pekee, nao ni jopo lililoanzishwa na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006. Sheria hiyo inakataza kumpima mtu kwa lazima, na inakataza kukifanya kipimo hicho kuwa sharti la kupata kazi. Jopo lenyewe lina mawakili pamoja na madaktari, kwa hiyo huhitaji kutumia nusu ya siku kueleza maana ya kiwango cha virusi mwilini au kwa nini mpishi mwenye HIV hahatarishi wateja. Linaweza kuamuru fidia, na limezoea kulinda siri. Kama kisa chako chote ni HIV, kwa mfano matokeo yako yalivujishwa na ofisi ya rasilimali watu kisha ukaondolewa jikoni, jopo hili ni chaguo zuri kuliko linavyotumiwa.

Kama kisa kimechanganyika na mambo mengine, mahakama inaweza kufaa zaidi. Katika uamuzi wa 2013 unaotajwa sana, mlalamishi aliyetambulishwa kwa herufi VMK tu alikuwa amepimwa HIV bila ridhaa yake na mwajiri wake, ambaye ni chuo kikuu, akanyimwa ajira ya kudumu, na suala la ujauzito likaingia humohumo. Mahakama ya leba ilimpa jumla ya karibu shilingi milioni 7. Kesi hiyo inaonyesha kwamba mtu halazimiki kukata kisa chake vipandevipande ili kila ofisi ipate kipande chake.

Mahakamani: kuachishwa kazi au ubaguzi?

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo wengi huiita mahakama ya leba, ina hadhi ya Mahakama Kuu. Ndani yake kuna uchaguzi mwingine, ambao kwa maoni ya mwandishi ni mzito kuliko uchaguzi wa ofisi: je, udai kwamba uliachishwa kazi isivyo haki, au udai kwamba ulibaguliwa?

Dai la kuachishwa kazi isivyo haki ni rahisi kulithibitisha. Mfanyakazi anaonyesha kwamba aliachishwa, kisha ni juu ya mwajiri kuthibitisha sababu yake na kuonyesha kwamba alimweleza mfanyakazi sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na kumsikiliza kabla ya kuamua. Waajiri wengi hushindwa hapo kwenye utaratibu, hata wenye sababu nzuri. Wala mtu asiambiwe kwamba dai hili ni la waliotimiza miezi 13 kazini: kifungu kilichosema hivyo kilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2012. Kasoro yake ni dari. Fidia haizidi mshahara ghafi wa miezi 12, mbali na notisi na malimbikizo. Mhudumu wa mapokezi hotelini aliyekuwa akipata KSh 45,000 kwa mwezi hatavuka KSh 540,000, hata kama aliondolewa kwa namna ya kumdhalilisha kiasi gani, na mara nyingi jaji humpa miezi michache kuliko hiyo.

Dai la ubaguzi halina dari hiyo. Mahakama inaweza kutoa fidia ya kuvunjiwa haki juu ya ile ya kuachishwa kazi, na inaweza kuitoa hata kwa mtu ambaye bado yuko kazini au ambaye hakupata kazi kabisa, wakati dai la kwanza halina maana yoyote kwa watu hao wawili. Kwa maandishi ya kifungu cha 5, mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea ni wa mwajiri. Ila usidanganyike na maandishi hayo. Majaji hutaka kwanza uweke msingi: ulitendewa nini, nani aliye katika hali kama yako alitendewa vizuri zaidi, na ni kipi kinachoihusisha tofauti hiyo na jinsia, kabila au ujauzito wako. Anayesema tu kwamba bosi hawapendi watu wa Pwani, bila hata jina moja la mwenzake wa kulinganishwa naye, kwa kawaida huondoka mikono mitupu.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyefutwa kazi na anayeona ubaguzi nyuma ya kufutwa huko adai yote mawili katika kesi moja, akilitanguliza lile la kuachishwa kazi. Likishindikana la pili, la kwanza litabaki limesimama. Makosa ya kawaida ni kinyume chake: kuandika kurasa 20 za uchungu kuhusu kubaguliwa na kusahau kusema kwamba hapakuwa na kikao cha nidhamu.

Liko pia swali la mahakama ya ngazi gani. Tangu tangazo la gazeti rasmi la Juni 2018, mahakimu walioteuliwa husikiliza mizozo ya ajira ya watu ambao mshahara wao ghafi hauzidi KSh 80,000 kwa mwezi. Huko ni karibu na ni nafuu. Lakini Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 haimpi hakimu mamlaka ya kuamua kwamba ibara ya 27 imekiukwa. Yule mhudumu wa mapokezi wa KSh 45,000 anayetaka fidia ya kikatiba kwa kubaguliwa itambidi aende kwa jaji wa mahakama ya leba, pengine kwa kuwasilisha ombi la kikatiba. Ombi la aina hiyo halina ukomo wa miaka uliotajwa na sheria, ingawa kuchelewa bila sababu huliua, na majaji hawapendi Katiba itumiwe kuizunguka Sheria ya Ajira pale ambapo sheria hiyo inatosha. Nguvu yake kubwa iko katika amri za muda: aliye bado kazini na anayetishiwa kuondolewa kwa sababu ya ubaguzi anaweza kuomba hatua hiyo isimamishwe kabla haijatekelezwa.

Ushahidi ndio huamua

Mlango wowote utakaochagua, kesi ya ubaguzi hujengwa kwa karatasi. Tuchukue mfano wa mwanamke anayefanya kazi kwa kandarasi za mwaka mmojammoja, zilizohuishwa mara tatu bila maswali, ambaye kandarasi ya nne inakataliwa wiki mbili baada ya kumwarifu meneja kwamba ni mjamzito. Tarehe ndizo zinazozungumza hapa. Anachohitaji ni kandarasi tatu za awali, ripoti ya mwisho ya tathmini ya kazi yake, barua pepe ya kutangaza ujauzito yenye tarehe, barua ya kutohuisha kandarasi, na tangazo la nafasi hiyohiyo likitafuta mtu mwingine mwezi uliofuata. Hili la mwisho huwaponza waajiri wengi, kwa kuwa barua ya kukataa huwa imesema kwamba nafasi hiyo imefutwa.

Jumbe za WhatsApp zina uzito, lakini Sheria ya Ushahidi inataka nakala iliyochapishwa kutoka kwenye kifaa cha kielektroniki iambatanishwe na cheti kinachoeleza imetolewaje, katika kifaa gani na nani. Wakili wa mwajiri atakuwa wa kwanza kuuliza cheti kiko wapi. Kuhusu mishahara, mfanyakazi kwa kawaida ana haki ya kupewa hati ya malipo inayoonyesha makato, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa mwajiri, likiwemo faili lake. Ombi la kuliona faili hilo lifanywe mapema na kwa maandishi, wakati mahusiano hayajaharibika kabisa. Asichoweza kufanya ni kupiga picha faili za wenzake kwa siri, kwani mwajiri atapata sababu mpya na nzuri ya kumfuta.

Nani aende wapi

Aliye bado kazini na anayetaka mwenendo ukome tu, aanze kwa malalamiko ya maandishi ndani ya kampuni, kisha chama au Tume ya Jinsia na Usawa. Ikiwa ni unyanyasaji wa kingono, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kuwa na sera ya maandishi kuuhusu, na kukosekana kwa sera hiyo ni hoja nzuri baadaye. Woga wa kulipiziwa kisasi una msingi, ila sheria inasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kufutwa kazi, isipokuwa lalamiko likithibitika kuwa la kutojali na lisilo na msingi. Kwa hiyo lalamiko la maandishi ni kinga kuliko lile la mdomo.

Anayetaka kurudi kazini asipoteze muda kwenye tume. Mahakama haiwezi kumrudisha mtu baada ya miaka mitatu kupita tangu aachishwe, na hata kabla ya hapo huona ugumu kumrudisha mtu ambaye kiti chake kimekwisha kukaliwa. Anayetaka fedha, na ambaye alikuwa na mshahara mdogo na kisa chepesi, aende ofisi ya leba kwanza, kisha kwa hakimu. Mwenye ushahidi wa tarehe na wa wenzake waliotendewa tofauti aende moja kwa moja mahakama ya leba, na ikiwezekana awe na wakili, kwa sababu hapo ndipo gharama ya wakili hurudi. Mtu mwenye ulemavu ana pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu linaweza kumsaidia kuandaa malalamiko.

Mfanyakazi wa serikali ya kaunti ni tofauti na wote hawa. Yeye hutakiwa kukata rufaa kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na akikimbilia mahakamani kabla ya hapo kesi yake huweza kufutwa bila kusikilizwa kiini chake.

Na yeyote kati yao akiitwa ofisini na kupewa hundi pamoja na karatasi inayosema kwamba amepokea stahili zake zote na hana dai lingine lolote dhidi ya mwajiri, aiombe karatasi hiyo aende nayo nyumbani kabla ya kuitia sahihi. Mahakama ya Rufaa imewahi kuyaheshimu makubaliano ya namna hiyo pale mfanyakazi alipoyatia sahihi kwa hiari yake akijua maana yake. Dai la ubaguzi lenye ushahidi wote linaweza kufia pale kwenye meza ya mhasibu.